Nani Analipia Meseji? Historia ya programu za wanafunzi zilizofika hospitali

Kila mwaka, muhula wa pili ukikaribia kuisha, pita karibu na idara yoyote ya sayansi ya kompyuta utaona mambo yale yale. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamevaa vizuri kuliko kawaida, projekta imegoma, na mbele ya jopo kuna mtu anaonyesha programu ya simu. Inaweza kuwa ya kumkumbusha mama mjamzito tarehe ya kliniki, ya kumuunganisha mkulima na mnunuzi, au ya kutafuta wachangiaji damu. Jopo linauliza maswali mawili matatu, alama zinatolewa, picha zinapigwa. Rudi baada ya miezi sita: seva haijibu, aliyeiandika ameajiriwa benki, na ule msimbo uko kwenye laptop iliyoibiwa au kuharibika.

Mimi mwenyewe nina yangu moja kwenye makaburi hayo, na jina lake sitalitaja.

Swali ni hili: je, kuna programu za wanafunzi zilizowahi kutoka nje ya chumba cha jopo na kumfaa mtu? Zipo, na baadhi zilifanyiwa majaribio yake hapa hapa kwetu: Kilifi, Mtwara, Dodoma, Eldoret. Historia yake si ya kale. Inaanza katikati ya miaka ya 2000, wakati simu nyingi zilikuwa za vibonye na Android haikuwa bado sokoni. Lakini ukiifuatilia kwa makini inakupa majibu ambayo mara nyingi hatuyapati kwenye kozi ya uhandisi wa programu.

Kilifi: damu na bei ya meseji

Nathan Eagle alikuwa mtafiti wa MIT, Marekani. Katikati ya miaka ya 2000 alikuja Kenya kufundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuandika programu za simu, chini ya mradi ulioitwa EPROM. Baadaye mafunzo hayo yalienea kwenye idara za kompyuta za vyuo kadhaa barani Afrika. Hoja yake ilikuwa rahisi: kompyuta ambayo Waafrika wengi wanayo tayari ni simu, kwa hiyo anayesomea kompyuta Afrika lazima ajue kuiandikia simu. Leo hoja hiyo inaonekana ya kawaida mno. Wakati ule, M-Pesa ilikuwa haijazinduliwa. Ilikuja Machi 2007.

Eagle aliishi Kilifi, na huko akakutana na tatizo la damu. Hospitali za pwani hutegemea benki ya damu ya kanda iliyoko Mombasa, ambayo kutoka Kilifi ni takriban kilomita 60. Damu haikai milele. Hata ikiwekwa kwenye jokofu vizuri, chembe nyekundu hudumu kati ya wiki 5 na 6 tu. Kwa hiyo Mombasa wanahitaji kujua kila mara hospitali gani imebakiwa na nini. Wasipojua, damu itaharibika mahali pamoja huku mahali pengine mgonjwa anaisubiri, na muuguzi analazimika kutoa ya kwake mwenyewe papo hapo.

Suluhisho lilikuwa zuri na jepesi. Muuguzi anaandika meseji fupi yenye kiasi cha damu kilichobaki kwa kila kundi, anaituma kwenye namba ya mfumo, seva inaipokea na kuichora kwenye skrini ya Mombasa. Hakuna intaneti kwa muuguzi, hakuna kompyuta, hakuna mafunzo ya wiki nzima. Mfumo uliwashwa, na mwanzoni karibu wauguzi wote walituma taarifa.

Halafu meseji zikaanza kupungua, na baada ya wiki chache zikakaribia kukatika.

Hapo ndipo mwanafunzi wa kompyuta angeanza kutafuta hitilafu kwenye msimbo. Haikuwepo. Seva ilikuwa hai, meseji zilikuwa zinasomwa sawasawa. Tatizo lilikuwa kwamba kila meseji ilikatwa kwenye salio la muuguzi. Kila siku, kutoka mfukoni mwake, alikuwa anachangia kuendesha mfumo wa hospitali. Ukilinganisha na mshahara wake, haikuwa pesa ya kupuuza.

Marekebisho yaliyofanyika yalikuwa madogo sana. Seva ikipokea taarifa iliyo sahihi, inamrudishia muuguzi muda wa maongezi unaofidia ile meseji na kuzidi kidogo. Taarifa zikarudi. Wazo hilo la kulipa watu kwa salio ndilo lililokuja kuzaa kampuni ya txteagle mwaka 2009, ambayo baadaye ilibadili jina kuwa Jana.

Sasa chukua ripoti yoyote ya mradi wa mwaka wa mwisho, fungua ukurasa wenye mchoro wa mfumo. Utaona mtumiaji upande wa kushoto, seva upande wa kulia, na mshale katikati. Ule mshale huwa hauna bei. Kilifi walijifunza kwamba unayo, na kwamba kuna mtu anayeilipa.

Mtwara: algoriti iliyokuwa ukutani

Kisa cha pili kinahusu watoto. Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandaa mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto chini ya miaka 5, unaojulikana kwa kifupi kama IMCI. Tanzania iliufanya kuwa sera ya taifa. Labda umewahi kuona chati zake kwenye ukuta wa kituo cha afya.

Kwa sisi watu wa kompyuta, IMCI ni kitu cha kufurahisha: ni algoriti kamili iliyoandikwa kwa ajili ya binadamu. Mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Jibu moja tu likiwa baya, ni dalili ya hatari. Ana kikohozi? Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kutoka hapo unafuata matawi mpaka unafika kwenye dawa na kipimo chake, au kwenye barua ya rufaa.

Shida ni kwamba algoriti hiyo ilikuwa kitabuni, na foleni ilikuwa mlangoni. Kituo chenye mhudumu mmoja na akina mama arobaini benchini si mahali pa kufungua kurasa. Mhudumu anatibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huruka hatua. Hatua inayorukwa kirahisi ni ile ya kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa sababu dakika nzima ni ndefu sana mtoto anapolia.

Brian DeRenzi alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Yeye na wenzake, wakiwemo Watanzania waliofanya nao kazi, waliiweka IMCI kwenye kompyuta ndogo ya kiganjani na kuijaribu katika mkoa wa Mtwara. Programu iliitwa e-IMCI. Ilimwonyesha mhudumu swali, ikapokea jibu, ikaamua swali linalofuata, hadi kwenye matibabu. Matokeo waliyachapisha mwaka 2008.

Yalisema mambo mawili. La kwanza, wahudumu walioshika kifaa walifuata mwongozo kwa ukaribu zaidi kuliko walipotumia njia yao ya kawaida. La pili ndilo ninalolipenda zaidi: muda wa kumhudumia mtoto ulikaribia kuwa ule ule. Kama programu ingemwongezea kila mtoto dakika kumi, foleni yenyewe ingeiua kabla ya mwezi kuisha, hata kama tiba ingekuwa bora kiasi gani. Watafiti walipima muda kwa sababu walijua benchi la nje nalo ni sehemu ya mfumo.

Walikuwa waangalifu pia. Waliuita uchunguzi wa awali, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Hawakudai kwamba wameokoa maisha ya watoto elfu fulani. Sisi kwenye jopo tunapenda kudai hivyo.

Dodoma: meseji haina macho

DeRenzi aliendelea kufanya kazi Tanzania, safari hii na wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuwatembelea wajawazito na wagonjwa. Walitumia CommCare, mfumo wa simu wa kampuni ya Dimagi, ambayo nayo ilianzishwa mwaka 2002 na watu waliotoka MIT. Mhudumu ana orodha ya watu wake kwenye simu, na kila mmoja ana tarehe ya kutembelewa. Swali lilikuwa: mhudumu akichelewa, je, meseji ya kumkumbusha inasaidia?

Majaribio yalifanyika Dodoma, kisha Dar es Salaam. Mfumo ulimtumia mhudumu meseji ya kumkumbusha. Akiendelea kuchelewa, meseji nyingine ilikwenda kwa msimamizi wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wastani wa siku za kuchelewa ulishuka kutoka 9.7 hadi 1.4, yaani pungufu la asilimia 86. Na ni kesi chache tu zilizofika kwa msimamizi.

Ukiishia hapo utasema, basi, meseji zinatosha. Lakini watafiti walifanya jambo ambalo wengi hatulifanyi: waliondoa kipande kimoja cha mfumo waone kitatokea nini. Waliondoa hatua ya kumjulisha msimamizi na kumwachia mhudumu meseji zake tu. Utendaji ukashuka kwa kiasi kikubwa.

Hii haimaanishi wahudumu wale walikuwa wavivu wa kuchapwa kiboko. Fikiria simu yako wewe. Ni vikumbusho vingapi umevipuuza leo? Meseji inayotoka kwenye mashine ambayo hakuna binadamu anayeifuatilia huzoeleka haraka kama matangazo ya mtandao wa simu. Msimamizi alikuwa ni ishara kwamba kazi yako ina mtu anayeiona. Programu nyingi za kukumbusha tunazoziandika zina seva upande wa pili, na hakuna mtu.

Eldoret: fomu iliyotenganishwa na programu

Kisa cha nne ndicho kilichosafiri mbali kuliko vyote. Huenda kiko kwenye simu yako sasa hivi bila wewe kujua.

Eldoret kuna ushirikiano wa miaka mingi kati ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutoka kwenye ushirikiano huo ulizaliwa mpango wa AMPATH wa kutibu VVU, na mahitaji yake ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa yalichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, mfumo wa chanzo huria uliowashwa Eldoret mwaka 2006 na Rwinkwavu, Rwanda, mwaka huo huo. OpenMRS imejengwa na watu wa nchi nyingi. Mmoja wa waandishi wake wakuu wa msimbo kwa miaka mingi ni Daniel Kayiwa wa Uganda.

AMPATH walikuwa wanapeleka washauri nyumba kwa nyumba kupima VVU. Kila mshauri alibeba kompyuta ya kiganjani ya kujazia fomu, na kifaa kingine tofauti cha GPS cha kujua nyumba iko wapi. Vifaa viwili, chaji mbili, na kazi ya ziada ya kuunganisha taarifa baadaye.

Mwaka 2008, Profesa Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa Google kwa likizo ya utafiti. Simu ya kwanza ya Android ilikuwa inakaribia kutoka. Ilifika sokoni Oktoba mwaka huo. Simu hiyo ilikuwa na kamera, GPS na intaneti ndani ya kifaa kimoja. Borriello na wanafunzi wake wa uzamivu, Carl Hartung, Yaw Anokwa na Waylon Brunette, wakaanza kuandika Open Data Kit, kwa kifupi ODK. AMPATH wakawa miongoni mwa watumiaji wao wa mwanzo.

Hebu tuone ujanja wake, kwa sababu uko kwenye ubunifu na haukuhitaji hesabu ngumu. Mwanafunzi wa kawaida akiombwa programu ya dodoso la VVU, ataandika programu ya dodoso la VVU: maswali yako ndani ya msimbo. Kesho daktari akitaka kuongeza swali moja, mwandishi lazima aitwe, arekebishe, atoe toleo jipya, na simu zote zisakinishwe upya. Mwandishi akihitimu, dodoso limeganda.

ODK waliigawa kazi. Programu ya kwenye simu haijui lolote kuhusu VVU, malaria wala mahindi. Inajua kusoma faili la maandishi linaloeleza fomu: swali la kwanza ni hili, jibu lake ni namba, kama jibu ni "hapana" ruka hadi swali la tisa, hapa piga picha, hapa chukua mahali. Faili hilo linafuata kanuni za XForms, na maktaba ya kulisoma, JavaRosa, ilikuwa imeshaandikwa na kundi jingine kwa ajili ya simu za vibonye. ODK hawakuanza upya. Mtu asiyejua kuandika programu anaweza kubadilisha fomu. Majibu yanahifadhiwa kwenye simu, na mtandao ukipatikana yanatumwa. Ukifika kijijini hakuna mnara, kazi inaendelea.

Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wengine waliuchukua. KoboToolbox, iliyotoka kwa watafiti wa Harvard wa masuala ya misaada ya kibinadamu, ilijengwa juu ya ODK. Kampuni ya Ona ya Nairobi inafanya kazi katika familia hiyo hiyo ya fomu. Kwa hiyo kama umewahi kupata kibarua cha kukusanya takwimu na ukaambiwa upakue KoboCollect, ulikuwa umeshika mkononi mjukuu wa mradi wa wanafunzi.

Nani aliibeba baada ya wanafunzi kuhitimu? Hartung na Anokwa walianzisha kampuni ya kuwahudumia wanaoitumia ODK, wakaiita Nafundi. Msomaji wa Kiswahili ataliona neno lililomo. Borriello alifariki mwaka 2015. ODK haikufa naye, kwa kuwa kufikia hapo ilikuwa na watu wengi wanaoitegemea na baadhi yao wanaolipia matunzo yake.

Majina ambayo hayapo

Kuna jambo linalonisumbua katika historia hii. Majina yanayobaki ni ya vyuo vya Seattle na Boston. Wauguzi wa Kilifi ambao kwa kuacha kutuma meseji walitoa tathmini ya kweli kuliko ripoti yoyote, hawana majina. Mhudumu wa Mtwara aliyeshika kifaa kile mara ya kwanza yuko kwenye karatasi ya utafiti kama namba. Tuseme ukweli: fedha za utafiti zilitoka huko, na anayelipa ndiye anayeandika.

Lakini upo mfano wa njia nyingine. DHIS, mfumo wa takwimu za afya, ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka Tanzania, Msumbiji na kwingineko walisoma kupitia mtandao huo na kurudi kuujenga mfumo nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na timu yake. Kenya iliusambaza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011. Mfumo huu umedumu kwa sababu kila nchi ina watu wake wanaojua kuutengeneza ukiharibika, na wizara inautaka kila mwezi ripoti zinapodaiwa.

Turudi kwenye jopo

Ukivipanga visa hivi, utaona kwamba mara chache msimbo ndio ulioamua. Kilifi iliamuliwa na salio la muuguzi, Mtwara na urefu wa foleni, Dodoma na kuwepo kwa mtu upande wa pili. Eldoret iliamuliwa na uwezo wa daktari kubadilisha swali bila kumpigia simu mwanafunzi aliyeshahitimu.

Na hapa lawama isiwe ya mwanafunzi peke yake. Idara zetu hutoa alama kwa kitu kipya. Mwanafunzi akisema, "Nilichukua ODK, nikakaa wiki sita na wauguzi wa zahanati moja, nikatengeneza fomu yao na kurekebisha hitilafu moja kwenye msimbo uliopo," jopo litamuuliza: mbona hujaandika mfumo wako? Kwa hiyo kila mwaka tunaandika upya programu ile ile ya kliniki, ikiwa na jina jipya na nembo mpya, na kila mwaka tunaizika.

Ningependa kuona mwongozo wa mradi unaokubali kazi ya ukarabati kama kazi kamili. Upe alama kwa hitilafu iliyorekebishwa kwenye OpenMRS na ikapokelewa, kwa tafsiri ya Kiswahili iliyoingizwa kwenye mfumo unaotumika, kwa ripoti ya kweli ya wiki ambayo watumiaji waliacha kutumia na sababu zao.

Hadi siku hiyo, kama umealikwa kukaa kwenye jopo mwaka huu, au unakwenda tu kumshangilia rafiki, subiri mchoro wa mfumo uonekane kwenye skrini. Kisha nyoosha mkono, onyesha ule mshale wa katikati, na uulize kwa upole nani analipia meseji.